Ada ya Miaka Saba

Siku hizo vyuo vya filamu vilitoza kumbukumbu. Chuo cha bei nafuu kilidai mwaka mmoja wa utoto, lakini kilifundisha kushika kamera tu. Cha ghali kilidai miaka saba, na kilitoa waongozaji wenye sifa. Mwakideu, kwa uzito wa askofu, alichagua cha ghali, akataka kulipa kwa kumbukumbu za viboko vya bweni.

"Hivyo tunavyo ghala zima," karani akamwambia.

Basi akatoa miaka aliyolelewa na dada yake, Wakesho.

Baada ya mahafali alitaka kutengeneza filamu kumhusu dada huyo.

"Ulipovunjika mguu nilikubeba mgongoni mpaka shuleni, gunia la mahindi wewe!" Wakesho alisimulia, akingoja acheke.

"Mvua ilinyesha?" Mwakideu aliuliza, kalamu mkononi. Alitamani machozi, hayakuja.

"Ilinyesha," dada akajibu taratibu, kisha akamuuliza kama anatumia sukari kwenye chai.