Nguchiro na Mawe Yenye Utelezi

Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, Nguchiro alianza kusugua mawe ya bwawa. Alikuwa msafi kupita kiasi, hata maji aliyaosha kabla ya kuyanywa. Fisimaji, mpasuaji wa samaki, alikuwa amemwajiri siku ileile azoe magamba bwawani. Damu na mafuta ya samaki yalipita kwenye mawe hayo, kisha maji yakateremka hadi kwenye kijito walikokunywa maji watoto wa Nguchiro.

"Mama Usafi, hayo yaache!" Fisimaji alimwonya. "Huo utelezi ndio unaokula uchafu."

"Uchafu unaokula uchafu? Shemeji, usinivunje mbavu!"

Alipofika jiwe la mwisho, utelezi ulitetemeka chini ya mkono wake, na upepo haukuwapo. Sauti elfu zikanena kama sauti moja: "Mwanetu, tukiondoka sisi, nani atakula?"

Badala ya kuacha, akasugua kwa haraka zaidi, mpaka mawe yakang'aa kama meno.

Kufikia adhuhuri kijito kilikuwa chekundu na kizito. Jioni watoto wake walikuwa wakitapika. Nguchiro akakimbilia bwawani, akatega sikio juu ya mawe. Kimya.

Kesho yake asubuhi aligundua utelezi kidogo umebaki ndani ya kucha zake, ukipanda na kushuka kama unaopumua. Kwa mara ya kwanza maishani hakunawa. Alishuka bwawani, akaupaka kwenye jiwe taratibu, akapiga magoti.

"Shikamooni, wazee wangu," alinong'ona. "Watoto wana kiu."