Kabla ya Kufuta

Lori lilikuwa limepata mnunuzi, naye alitaka kompyuta ya injini irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Fundi Sefania akampigia simu Mbaruku, aliyekuwa dereva wa lori hilo.

"Kesho nafuta kila kitu. Kama unataka kuona kumbukumbu ya ile ajali, njoo asubuhi."

Mbaruku alisita. Mkewe, Zainuna, ndiye aliyeshikilia waende. Kombo, mdogo wake Zainuna, alifia ndani ya lori hilo. Tangu siku ya msiba Zainuna alimtetea mumewe mbele ya mama yake mzazi: mwendo ulikuwa hamsini, breki ndizo zilizofeli. Mama hakukubali, na huu ulikuwa mwaka wa nne hawasemeshani.

Asubuhi walipofika, fundi aliunganisha lori na kompyuta yake kwa waya, akasoma polepole.

"Mwendo, tisini na nne. Breki zilikuwa nzima. Hazikukanyagwa kabisa."

"Mashine nayo huharibika," Mbaruku alimwambia mkewe. "Mama Rehani, mimi unanijua."

Zainuna alisogea karibu. Aliinamia kioo cha kompyuta ya fundi, akazitazama zile tarakimu mpaka macho yakamuuma.

"Nifute, shemeji?" fundi aliuliza. "Mwenye gari anasubiri."

"Futa," Mbaruku alidakia.

"Ngoja kwanza," alisema Zainuna. Alitoa simu, akaitafuta namba ya mama yake, akapiga. Mbaruku alinyoosha mkono amzuie, kisha akaurudisha mwenyewe. Simu iliita sana. Mwishowe ikapokelewa, na upande wa pili kukasikika pumzi tu, mtu akisubiri asemeshwe.