Kamba ya Fundi

Kamba ya fundi ilifika mlangoni kwa Irmtraud ikakwama.

Fundi alikuwa akipanga mawe ya ukumbusho pale zilipokuwa kuta za sinagogi ya Wayahudi, iliyochomwa moto mwaka 1938.

"Ramani inataka mita mbili zaidi," alilalamika. "Bibi, mita mbili si zinaingia jikoni kwako? Nimekosea wapi tena?"

Ilikuwa mara ya tatu anapima.

"Hujakosea, mwanangu."

"Basi ramani ndiyo ya uongo."

"Na ramani haina kosa."

Irmtraud aliingia jikoni, akatoa sahani zote kabatini, kisha akalisukuma kabati kwa bega. Baba yake alilijenga jiko hilo mwaka mmoja baada ya moto, akasema ukuta uliosalia mzima kama ule haufai kuachwa bure. Kabati aliliweka yeye mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kulisogeza.

Nyuma yake ukuta ulikuwa wa buluu, wenye nyota za dhahabu na masizi.

"Ingia na kamba yako."

Fundi alivua kofia, kama kawaida yake akiingia ndani ya nyumba ya mtu.

"Irudishe kichwani," Irmtraud akasema. "Humu wanaume walikuwa wakisali na kofia."