Macho ya Fundi

"Mbali! Tazama mbali!" mke wa fundi aliamuru. "Sasa gumba. Haya, mbali tena."

Fundi cherehani, mzee mpole mwenye tepu shingoni, alihamisha macho kutoka kwenye kidole gumba chake hadi paa la jirani, akayarudisha. Ndivyo walivyoanza kila asubuhi kabla ya kuwafungulia wateja mlango.

"Na wewe fanya," alisema. "Nikizungusha macho peke yangu, wapita njia watadhani nimechanganyikiwa."

Mkewe akacheka, akafanya. Walipepesa kope, wakazungusha macho, wakasugua viganja mpaka vikapata moto, kisha wakayafunika macho kwa joto lile. Mke hakuona kama yeye anayahitaji mazoezi hayo, lakini mtu hamwachi mwenzake ahangaike peke yake.

Balaa lilianza na shati la bluu. Mteja alilirudisha, vifungo vimeshonwa kwa uzi wa kijani, akaapa kutafuta fundi mwingine. Mke alikuwa tayari kumjibu: vifungo alishona yeye, ndiyo, lakini kwa uzi alioukuta mezani kwa mumewe. Fundi akamwahi.

"Nisamehe, mwanangu. Macho haya ya uzee yameanza kunisaliti."

Tangu siku hiyo roho ya mke haikutulia. Mumewe asipoona, wateja wangehama mmoja mmoja, na cherehani ile ndiyo iliyowalisha maisha yao yote.

Baada ya mazoezi ulifuata mtihani. Mke alisimama ukutani, ameshika kifuani kadi ya herufi waliyoandikiwa na binti yao.

"Soma."

"A... M... ngoja kwanza... labda T."

Alivyosita, maskini! Mke hakuikagua kadi hata mara moja. Alikwisha kuamua kwamba hata akikosea atamsifu, maana mgonjwa huanza kupona moyoni.

"Umepatia, baba watoto! Unaona mazoezi yanavyosaidia?"

"Naona," alisema fundi, akamshikisha kikombe cha chai mkononi, sikio la kikombe likimwelekea.

Asubuhi moja fundi akasema, "Twende kwa daktari wa macho. Peke yangu naogopa. Utanisindikiza?"

Mke, ambaye hata homa haikuwahi kumburuta hospitali, alivaa viatu papo hapo. Njia nzima alimshika mumewe mkono asije akajikwaa.

Daktari, binti mwenye sauti ya upole, alimkalisha fundi akamwonyesha ubao wa herufi. Fundi akasoma mstari wa juu, wa kati, mpaka vile vijiherufi vya chini kabisa vinavyofanana na sisimizi. Hakusita hata kidogo.

Mke akapiga makofi. "Si nilisema! Ni mazoezi hayo, daktari! Namsimamia mwenyewe, hata kukonyeza hathubutu!"

Daktari akatabasamu. "Mzee, macho yako ni mazima kabisa. Sasa kilichowaleta ni nini?"

Fundi akainuka, akakipangusa kiti kwa kiganja, akamshika mkewe bega na kumkalisha taratibu.

"Mimi ni msindikizaji tu, mwanangu," alisema. "Huyu kila siku ananishikia kadi nisome, na upande wenye herufi ameuelekeza kifuani kwake."