Mateke ya Siwema

Baridi yabisi ilipovikunja vidole vya Siwema, kusuka mikeka, starehe yake ya kila alasiri, kukamshinda. Alijaribu kutembea mjini, akaona anazurura tu. Ndipo siku moja akaingia ua wa Mwanamkuu, aliyewafundisha wanawake mchezo wa mateke.

"Mikono yangu imekufa, dada."

"Na miguu je?"

"Mizima."

"Basi simama hapo, wala usitarajie kubembelezwa."

Teke la kwanza lilimpata ubavuni, likamlaza chini. Aliinuka. La pili likampasua mdomo. Wanawake waliokuwa wakitazama waliacha kucheka, na mmoja wao akasema, "Mwache, Mwanamkuu! Utamuua mama wa watu."

"Nani kasema niachwe?" Siwema alifoka, akatema damu.

Vikombe vyote vilivyomponyoka, vifungo vya gauni alivyofungwa na binti yake kama mtoto mchanga, usiku aliolia akiuma mto, vyote vilimshukia mguuni. Alirusha teke kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Likamgonga Mwanamkuu kifuani, akaanguka chali, na pipa la maji likapinduka juu yake.

"Umeniumiza," Mwanamkuu alisema kutoka matopeni, akihema na kucheka. "Haya, yatosha kwa leo."

Siwema hakucheka. Damu ilimdondoka kidevuni, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeamka kutoka homa ndefu.

"Inuka," alisema, na mguu wake ulikuwa umekwisha kurudi nyuma.