Pweza wa Mkutano

Bi Mize alikuja mkutanoni kupika tu. Walioitwa kuzungumzia bahari ni wavuvi, na katika mji ule mvuvi ni mwenye chombo. Wanawake wanaoingia mwambani kwa miguu maji yakitoka, wakichokoa pweza kwa vijiti, husemwa wamekwenda pwani, basi.

Jikoni alisikia yote. Mgeni kutoka wizarani alitandaza ramani mezani, akasema mwamba utafungwa. "Hapa hapana tatizo. Hakuna mvuvi anayevua hapa."

"Hakuna," akaitikia mwenyekiti, ambaye jana tu alimwagiza Bi Mize pweza wa kuwakirimu wageni.

Bi Mize akaepua sufuria kutoka kwenye kuni. Akaingia nayo ukumbini, akaitua juu ya ramani, pale pale mwambani, mkono ukabaki juu ya mfuniko. Harufu ya tui ikajaa chumba kizima.

"Tupakulie basi, mama," mgeni akasema.

"Nitapakua. Kwanza niambieni, pweza huyu kavuliwa na nani?"

Mwenyekiti akakohoa. "Bi Mize, usituaibishe mbele ya watu."

"Swali dogo hilo, mwenyekiti."

Bi Mize akavuta kiti cha mbele, kiti cha wavuvi, akaketi.

Mgeni aliona masizi yakitambaa kwenye karatasi. "Ondoa sufuria, mama. Ramani inachafuka."

"Iache ichafuke. Angalau sasa itaonekana pana watu."

Mlangoni wanawake wenzake walikuwa wameanza kuingia, vijiti mikononi, miguu ingali na mchanga. Mvuke ukausukuma mfuniko. Bi Mize akaukandamiza kwa ncha ya kanga.