Jina Lako Linanitosha

Kila alasiri mzee Pazi aliiweka flashi yake juu ya meza ya Raghad, taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niingizie kazi yangu."

"Inshallah utapata leseni yako."

"Ya nini? Jina lako linanitosha."

Ofisi yao ya Dunda iliandika programu za zahanati. Watu sita, leseni tano za kuingilia mfumo wa timu. Pazi, aliyekuja kwa majaribio kutoka Chalinze na mvi zake, ndiye aliyekosa. Desturi ya pale, asiye na leseni huingiziwa kazi na mwenzake, na mwenzake huandika pembeni kazi ni ya nani.

Raghad hakuandika. Bosi Hamoudi alikwishasema: mwisho wa mwezi, mwenye kazi chache mfumoni atamwachia Pazi leseni yake na kwenda nyumbani. Mwenye kazi chache alikuwa Raghad. Basi alipokea, akabandika bila kusoma hata mstari, na jina lake likapanda. Haya hakuwa nayo, tuseme ukweli.

Mwezi ulipokwisha, Hamoudi akawakusanya.

"Raghad, umenishangaza. Na mzee Pazi je, kafanya nini?"

"Wallahi, bosi, hajaandika hata mstari mmoja. Yeye ni chai na kashata tu."

Wakacheka wote. Mzee akainamisha kichwa.

"Kweli, mzee?"

"Raghad ameshaapa. Mimi nibishe nini?"

Hamoudi akampa wiki moja afunge virago. Raghad alimwonea huruma, kiasi cha kumaliza kikombe kimoja cha chai.

Siku ya nne ikaja simu kutoka zahanati moja ya Kerege iliyotumia programu yao. Majibu ya wagonjwa, majina na maradhi yao, yalikuwa yakichotwa kila alfajiri na kupelekwa kusikojulikana. Ndoa mbili zilikwishavunjika. Hamoudi, askari wawili nyuma yake, akafungua mfumo kumtafuta aliyeandika mistari iliyokuwa ikiyachota. Jina lilikuwa moja, siku baada ya siku.

"Si zangu!" Raghad alipiga kelele. "Ni za mzee Pazi!"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Bosi," alisema kwa upole, "si ulikuwepo alipoapa?"